Fataki za sikukuu na hewa inayopokea moshi wake

Kila mwaka unapokaribia mkesha wa Mwaka Mpya, Jeshi la Polisi hutoa onyo ambalo Watanzania wamekwisha kulizoea: ni marufuku kulipua baruti na kurusha fataki bila kibali, na ni marufuku kuchoma matairi barabarani. Onyo hilo huhusu moto, majeraha na taharuki, na ni nadra kulisikia likiitaja hewa. Hapa Dodoma suala la hewa halijapata uzito katika mijadala, kwa kuwa fataki zetu bado ni za dakika chache na za sehemu chache. Hata hivyo, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na ambao Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu 765,179, unapokea sherehe nyingi na kubwa kuliko zamani. Mjadala wa moshi utafika, na mara nyingi hufika ukiwa umebeba takwimu za Delhi au Beijing, kana kwamba hewa ya kila mahali ni moja. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini kwamba madhara ya fataki hayawezi kueleweka kwa kupima wingi wa baruti peke yake. Ni lazima kuitazama pia hewa inayoupokea moshi wake: ni ya msimu gani, ya saa ngapi, na imekwisha kubeba nini.

Tuanze na kile kinachoungua. Bomu la fataki ni mpira wa karatasi nzito. Chini yake hukaa baruti ya kurushia, ambayo huwashwa ndani ya bomba lililosimikwa ardhini na kulitupa bomu juu. Bomu likiwa linapaa, utambi wa pili huendelea kuungua kuelekea ndani kwa sekunde chache mpaka uifikie baruti ya kupasulia iliyo katikati, na baruti hiyo imezungukwa na vidonge vidogo vilivyopangwa kwa mkono, safu kwa safu. Vidonge hivyo ndivyo vinavyotoa rangi tunazoziona. Strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani, shaba hutoa buluu, sodiamu hutoa manjano, na unga wa alumini au magnesiamu hutoa ule mweupe mkali unaoumiza macho. Baruti nyeusi yenyewe kwa kawaida ni nitrati ya potasiamu asilimia 75, mkaa asilimia 15 na salfa asilimia 10. Mkaa huo kimsingi ni kitu kilekile kinachowashwa kila jioni Chang'ombe na Nkuhungu, isipokuwa umesagwa laini na kuchanganywa na kemikali inayoupatia oksijeni bila kusubiri hewa ya nje.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kwamba baruti nyeusi haigeuki gesi yote inapoungua. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa yabisi laini mno, na yabisi hiyo ndiyo wingu jeupe linalosogea polepole baada ya mlipuko. Rangi nazo hazipotei zinapozimika. Strontiamu, bariamu na shaba zilizopamba anga kwa sekunde mbili hushuka zikiwa chembechembe za metali zilizochanganyika na moshi, pamoja na gesi ya salfa dioksaidi inayowasha koo. Sehemu kubwa ya chembe hizo ina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 50 hadi 70. Kwa udogo huo, chembe hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5. Mwenye pumu, mzee mwenye ugonjwa wa moyo na mtoto mchanga ndio wanaoathirika mapema zaidi kiwango kinapopanda, hata kikipanda kwa saa chache tu.

Sasa swali ni kwamba moshi huo unakwenda wapi. Mchana wa kawaida jua hupasha ardhi joto, hewa ya chini hupata moto na kupanda, na chochote kilichomo ndani yake hupanda nayo na kutawanyika katika kimo cha mamia ya mita au zaidi. Usiku wenye anga wazi na upepo mdogo mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto haraka, hewa inayoigusa hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, hubaki palepale, huku tabaka la joto la juu yake likikaa kama kifuniko cha sufuria. Moshi unaozalishwa chini ya tabaka hilo hauna pa kutokea mpaka jua lipasue hali hiyo asubuhi. Mkazi wa Dodoma aliyeamka alfajiri ya Juni au Julai ameiona hali hii kwa macho yake: moshi wa majiko na wa takataka zilizochomwa jioni hutanda mstari mmoja usawa wa mapaa, hasa sehemu za mabondeni, wala haupandi. Fataki nazo, kwa desturi karibu za kila taifa, hurushwa usiku, kwa sababu rangi zinahitaji giza. Kwa hiyo karibu kila mara huchagua saa ambazo hewa ina uwezo mdogo zaidi wa kujisafisha.

Hapo ndipo tarehe ya sikukuu inapokuwa na maana kubwa, na mfano ulio wazi zaidi ni Diwali. Sikukuu hii ya taa ya Wahindu huadhimishwa usiku wa giza usio na mbalamwezi, kati ya Oktoba na Novemba, na kiini chake cha kidini ni taa ndogo za mafuta zinazopangwa mlangoni na ukutani. Fataki ziliingia na kukua juu ya desturi hiyo, na leo sehemu kubwa ya fataki za India hutengenezwa Sivakasi, mji wa jimbo la Tamil Nadu. Kwa Delhi, tarehe hiyo ni mbaya kwa kila kipimo. Mvua za masika ya India zimekwisha kuondoka, upepo umelegea, usiku umeanza kupoa, na katika wiki hizohizo wakulima wa Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga ili waharakishe kupanda ngano. Juu ya hapo kuna moshi wa magari na vumbi la ujenzi ambavyo havikosekani siku yoyote. Mamilioni ya watu wanapolipua fataki katika hewa iliyojaa tayari, vipimo vya usiku huo hupanda hadi mamia kadhaa ya maikrogramu.

Mahakama ya Juu ya India iliingia kati. Mwaka 2017 ilizuia uuzaji wa fataki Delhi na maeneo jirani katika kipindi cha Diwali, na Oktoba 2018 ikaamua kwamba zitumike zile tu zenye kutoa uchafu kidogo, zisizo na chumvi za bariamu, tena kwa saa mbili pekee, kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku. Watafiti wa serikali walitengeneza fataki za aina hiyo, zinazokadiriwa kupunguza chembechembe kwa takriban asilimia 30. Ni hatua ya maana, lakini asilimia 30 ya kiasi kikubwa mno bado inaacha kiasi kikubwa, na watu wengi waliendelea kulipua nje ya saa zilizoruhusiwa. Binafsi naona pia kwamba kupunguza saa bila kubadili sehemu ya usiku kunatatua nusu tu ya tatizo, kwa kuwa saa hizo ndizo ambazo hewa ya Novemba imekwisha kuanza kutulia. Na haki inadai liongezwe neno moja: hewa chafu ya Delhi hudumu majira yote ya baridi, wakati Diwali ni ya siku chache. Anayeibebesha sikukuu ya dini moja lawama yote anawaonea waumini wake, na anayakinga magari, viwanda na moto wa mashambani dhidi ya maswali yanayostahili kuulizwa mwaka mzima.

China, ambako baruti iligunduliwa yapata karne ya 9, inatufundisha kitu kingine. Kabla ya baruti, watu walitupa vipande vya mianzi motoni ili hewa iliyofungwa kati ya pingili ipasuke kwa kishindo na kufukuza pepo wabaya, na kishindo hicho bado ndicho kiini cha Mwaka Mpya wa Kichina. Beijing ilipiga marufuku fataki mjini mwaka 1993. Marufuku hiyo ilidumu miaka 12, ikalegezwa mwaka 2005 baada ya wananchi kulalamika kwamba sikukuu imekuwa bubu, kisha masharti yakarudi hatua kwa hatua mpaka mwaka 2022 jiji zima likafungwa. Sikukuu yenyewe huangukia Januari au Februari, katikati ya baridi, wakati hewa ya kaskazini mwa China imetulia. Sheria ya kuzuia iliweza kuandikwa siku moja, lakini maana ambayo watu wameiweka katika kishindo ilidumu miaka yote ile 12 bila kufifia, na mtu anayepanga sera ya fataki bila kuijua maana hiyo atajikuta akirudia kazi yake.

Ujerumani imelipima jambo hili kwa uangalifu kuliko nchi nyingi. Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo inakadiria kwamba fataki hutoa takriban tani 2,050 za chembechembe kwa mwaka, na robo tatu yake hutoka katika usiku mmoja wa Mwaka Mpya. Ukizilinganisha na chembechembe zote za mwaka nchini humo, tani hizo ni kama asilimia 1 tu. Namba zote mbili ni za kweli, na kila upande wa mjadala huchukua ile inayoupendeza. Kinachonivutia zaidi ni maelezo ya mamlaka hiyohiyo kwamba usiku wenye upepo moshi hutawanyika upesi, ilhali usiku uliotulia huning'inia mitaani kwa saa nyingi, ingawa baruti iliyouzwa ni ileile.

Marekani nako, watafiti walikusanya vipimo kutoka vituo 315 kati ya mwaka 1999 na 2013 ili kuona athari ya sherehe za Uhuru za tarehe 4 Julai. Walikuta kwamba wastani wa chembe ndogo kwa saa 24 hupanda kwa asilimia 42 nchini kote, na kwamba kilele huwa kati ya saa 3 na saa 4 usiku, kisha hali hurejea kawaida kufikia saa 6 mchana wa siku inayofuata. Lakini kituo kimoja kilichokuwa jirani na mahali pa kurushia kilionyesha ongezeko la asilimia 370. Tofauti hii kati ya 42 na 370 ndiyo inayopotea pale tunapotaja wastani. Mapafu hayavuti wastani wa nchi. Huvuta hewa ya mahali yaliposimama, katika saa ile.

Japani hurusha fataki zake kubwa katika majira ya joto, nyingi zikiwa kando ya mito na bahari. Zile za mto Sumida mjini Tokyo hufanyika Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mafundi wake hupenda upepo mwepesi, kwa kuwa bila huo moshi wa bomu la kwanza huficha rangi za la pili.

Kwetu Afrika Mashariki desturi hii ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika karne ya 19 misafara iliyokatiza Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji ilifyatua bunduki kila ilipokaribia mji, kutangaza kwamba imefika salama. Stanley na watu wake waliingia Ujiji kwa namna hiyo mwaka 1871. Wenyeji wa Ugogo hawakuhitaji baruti kusherehekea, kwa kuwa ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama, pamoja na zeze, zilitosha kukijulisha kijiji cha pili kwamba kuna jambo. Mwambao na visiwani, watoto hulipua baruti Sikukuu ya Idi, na Zanzibar hurusha fashifashi usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Januari, kuadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Usiku huo huwa ndani ya msimu wa kaskazi, na upepo wake huusomba moshi kabla haujatanda juu ya mji. Kisiwa kimebahatika kwa kalenda yake.

Dodoma je? Mji huu uko kwenye uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na vilima vya mawe, na hupata mvua kidogo, takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo mkesha wa Mwaka Mpya hutukuta ndani ya mvua: vumbi limelala, hewa ina mwendo, na mara nyingi mvua ya siku inayofuata huosha kilichobaki. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na za Muungano za tarehe 26 Aprili ziko mwanzoni na mwishoni mwa msimu huo. Nanenane ni tofauti kabisa, kwa sababu Agosti pale Nzuguni vumbi limekwisha kuwa sehemu ya hewa kabla ya mtu yeyote kuwasha utambi. Diwali hutuangukia mwishoni mwa kiangazi, wakati ukavu umefikia kilele. Idi nayo haina msimu, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, na sikukuu huzunguka majira yote. Katika miaka hii Idi ya Kuchinja inaangukia Mei na Juni, yaani pale ambapo usiku wa Dodoma unaanza kupoa na moshi unaanza kukaa chini. Kibali cha kurusha fataki kilicho sahihi kwa Desemba hakiwezi kuwa sahihi kwa Juni, hata kama idadi ya mabomu ni ileile.

Siwezi kuzungumzia moshi wa mkesha bila kurudi kwenye matairi. Asubuhi ya tarehe 1 Januari, katika barabara za mitaani, alama inayobaki huwa ni duara jeusi kwenye lami na ndani yake rundo la nyaya nyembamba za chuma zilizojikunja, zikiwa zimebanduka mpira wote. Mpira huo umekwenda hewani. Tairi lina mpira wa viwandani, masizi, salfa na zinki, na linapoungua kwa moto hafifu wa barabarani hutoa moshi mzito wenye benzini na kemikali nyingine zinazosababisha saratani. Fataki hupasuka juu na kuungua kwa sekunde. Tairi huungua chini, usawa wa pua za watoto wanaolizunguka, kwa muda mrefu zaidi. Kama ningelazimika kuchagua kimoja cha kukomeshwa katika mkesha wa Dodoma, ningeanza na tairi bila kusita.

Ni kweli pia kwamba mzigo mkubwa zaidi wa moshi katika nyumba zetu hutoka jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lakini ukubwa wa tatizo moja haulifuti jingine. Mama aliyevuta moshi wa mkaa tangu saa 11 jioni anapokea moshi wa fataki juu ya huo, katika mapafu yaleyale.

Liko jambo moja la mwisho ambalo kwa Dodoma lina uzito wa pekee, nalo ni maji. Fataki nyingi za kisasa hutumia perkloreti ya potasiamu badala ya nitrati, na kemikali hiyo huyeyuka kwa urahisi katika maji na kuizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Katika ziwa dogo la mji wa Ada, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, watafiti walipima maji baada ya fataki na kukuta perkloreti imepanda kati ya mara 24 na mara 1,028 ya kiwango cha kawaida ndani ya saa 14, kisha ikachukua siku 20 hadi 80 kushuka. Dodoma hunywa kwa sehemu kubwa maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na hakuna sababu yoyote ya kurushia fataki upande huo wakati viwanja vya wazi vimejaa pande nyingine.

Kwa hiyo anayetoa kibali anaweza kuuliza maswali machache yanayojibika: usiku huo upepo unavuma kuelekea wapi, watazamaji watasimama upande gani wa upepo, kuna hospitali au makazi karibu upande unakokwenda moshi, vidonge vina bariamu au havina, na nani ataokota mabaki ya karatasi na maganda asubuhi kabla mvua haijayapeleka makorongoni. Anayehudhuria akiwa na mtoto mwenye pumu akae mbali, upepo ukimtokea mgongoni kuelekea fataki, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni. Vifaa vidogo vya kupima chembechembe vinaweza kuwekwa kwenye ukuta wa shule iliyo jirani na uwanja wiki moja kabla ya sherehe na kuachwa hapo wiki moja baadaye, na namba zitakazopatikana zitakuwa za hewa ya Dodoma yenyewe.